Msiniletee Vipande

Wenzangu wa kalamu, leo sikuja na shairi. Wala sikuja na hadithi ya binti aliyeacha mchumba kijijini akaja mjini akaharibikiwa, maana najua hizo mhariri anazo droo nzima. Leo nimekuja kugombana. Na ninayegombana naye ni alama ndogo ambayo kila mmoja wenu aliijua akiwa darasa la kwanza, vijiti vya kuhesabia mfukoni na kamasi puani: alama ya kujumlisha.

Msicheke kwanza. Nisikilizeni.

Mchana naandika programu za kompyuta, usiku naandika mambo kama haya. Watu wakisikia hivyo husema, "Aisee, vitu viwili tofauti kabisa!" Mimi utofauti mkubwa siuoni. Kote ni kupanga maneno mpaka yakae. Ila mhariri wa hapa akikuta nimeandika upuuzi ananirudishia karatasi ina mistari myekundu, wakati kompyuta inaupokea upuuzi wangu kwa heshima zote na kuwapelekea watu elfu kumi kwa dakika moja.

Kwa ambaye hajawahi kufungua programu akaona utumbo wake: humo ndani maneno hufungwa kwa alama za kunukuu, na fungu la namna hiyo huitwa stringi. Ni herufi zilizotungwa kwenye uzi mmoja, kama shanga za kiunoni. Inaweza kuwa herufi moja, inaweza kuwa barua nzima ya mapenzi. Sasa ukiwa na stringi mbili na unataka ziwe moja, lugha nyingi za kuandikia programu, kama Java, JavaScript na Python, zinakupa alama ile ile ya kujumlisha. Unaandika "mwana" + "nchi", unapata "mwananchi". Unaandika "bata" + "mzinga", unapata batamzinga mzima, bado kuchinja tu. Siku ya kwanza nilipoiona kazi hiyo nilisisimka. Nikajiambia, kumbe lugha ni hesabu, na mimi hesabu naiweza!

Uongo mtupu.

Alama hiyo imeazimwa dukani, na dukani ina tabia zake. Mbili na tatu ni tano, tatu na mbili ni tano. Mwenye duka hajali ulianza na kipi. Hebu geuza "bata" na "mzinga" uone. Mzingabata ni ndege gani? Tena kuna hii, na mkipata kompyuta ijaribuni wenyewe: iambie Java au JavaScript iandike "Jumla: " + 1000 + 500. Mwenye akili zake anategemea 1500. Itakuandikia Jumla: 1000500. Kwa nini? Kwa sababu imeanza na neno, basi kila kinachofuata inakigeuza neno na kukigandisha ubavuni. Deni la elfu moja na mia tano limekuwa milioni moja na mia tano, na hakuna aliyeiba hata senti.

JavaScript ndiyo kiboko. Ipe "5" iliyofungwa kwenye alama za kunukuu, uijumlishe na 2, utapata "52". Kisha chukua "5" ile ile uitoe 2, utapata 3. Yaani kwenye kutoa inajua hesabu, kwenye kujumlisha imegeuka malenga! Python angalau ina haya: ukijaribu kujumlisha neno na namba inagoma, inakwambia hapo hapo kwamba umechanganya madawa. Na wengine walishtuka mapema wakaitenga kazi hii kabisa na hesabu. Larry Wall alipotoa Perl mwaka 1987, kazi ya kuunganisha maneno aliipa nukta. PHP nayo ikafuata nukta. SQL, lugha ya kuulizia kanzidata, ina mistari miwili iliyosimama wima kama nguzo za goli. Visual Basic ina ile alama ya "na" ya kwenye mabango ya maduka ya Kihindi, fulani na wanawe. Hao nawapigia makofi, lakini makofi madogo, maana ugonjwa wenyewe hawakuuponya. Walichobadilisha ni chupa.

Watu wa kompyuta wenyewe wana ugomvi wao juu ya jambo hili, wa siku nyingi, lakini ni ugomvi wa kasi. Katika Java stringi ikishaundwa haibadiliki, kwa hiyo kila unapounga kipande, zamani zote zinanakiliwa upya. Ukiunga mara elfu kumi, umenakili mlima. Joel Spolsky mwaka 2001 aliwachekesha watu kwa kisa cha mpaka rangi wa mistari ya barabarani aliyeacha ndoo pale alipoanzia, kila siku anakwenda mbali zaidi na kurudi zaidi kuchovya brashi. Kisa kizuri. Dawa yake ipo, tena ya miaka mingi. Mimi silii na kasi. Mimi nalia na maana, na sasa nitawaambia kwa nini.

Mwaka 2023 nilipata dili. Kampuni moja, jina nalihifadhi, ilikuwa na programu ya kuendeshea vikoba: nani kaweka hisa, nani kakopa, nani karejesha. Ilikuwa ya Kiingereza, wakataka iongee Kiswahili. Wakaniletea jedwali la safu mbili, kushoto Kiingereza, kulia patupu, mistari 212, malipo kwa neno. Nikafungua nikakuta hakuna sentensi. Kuna vipande. Mstari huu "lako", mstari ule "rejesho", mstari mwingine "la mwezi". Mstari wa 88 ulikuwa na neno moja tu la Kiingereza: not.

Niliuliza, hili linakaa wapi? Wakajibu, sehemu nyingi, wewe tafsiri tu, mashine itaunga. Kodi ya chumba ilikuwa imebaki siku nne. Nikaandika "si". Nikala hela.

Shangazi yangu anakaa Mbagala. Ana friji barazani, anauza barafu na juisi ya ukwaju, na yumo kwenye kikoba cha akina mama wa mtaa wao. Mwezi Juni alikwenda kwa wakala akatuma rejesho lake, lakini kwenye namba ya kumbukumbu akakosea tarakimu moja. Hela ikaenda ikakaa mahali haina mwenyewe. Kesho yake simu yake ikalia. Akasoma, akashukuru Mungu, akaendelea kugandisha barafu. Mwezi uliofuata ndiyo kasheshe. Faini, na faini ya faini, na kwenye kikao mweka hazina akamsimamisha mbele ya wenzake akamwuliza kwa nini anadharau kikundi. Friji lilikuwa dhamana. Likabebwa.

Nilikwenda Jumapili.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Kaa. Maji ya baridi sina, unaona mwenyewe." Akanipa simu. "Hawa watu wamenigeuka. Wameniandikia kwa mkono wao kwamba hela imefika."

Nikasoma: Ndugu mwanachama, rejesho lako la mwezi Juni si limepokelewa.

"Shangazi, hapa wamesema halijapokelewa."

"Wapi wamesema? Nisomee."

"Rejesho lako la mwezi Juni si limepokelewa."

"Eeh! Si limepokelewa! Sasa mie nina kosa gani?"

Ndugu zangu, nilikaa na ile simu mkononi nikahisi jasho linashuka mgongoni. Mnaisikia? Isomeni kwa sauti. "Si nilikwambia!" "Si umeshakula?" "Si ndiyo huyu!" Kwa sikio la mtu wa Mbagala, wa Tandika, wa popote panapoongewa Kiswahili, "si limepokelewa" haikanushi kitu. Inathibitisha, tena kwa msisitizo, kama mtu anayekutoa wasiwasi: wewe vipi, si limepokelewa! Shangazi alisoma Kiswahili sawasawa. Aliyeandika ndiye hakuandika Kiswahili. Na aliyeandika ni mimi, mstari wa 88.

Sikumwambia siku ile. Nimemwambia baadaye, na alichonijibu nitakuja nacho.

Sasa hebu tuangalie mashine ilifanya nini. Kwa Kiingereza neno la kukanusha ni shanga inayosimama peke yake. Iweke, sentensi inakataa. Itoe, sentensi inakubali. Mengine yote yanabaki yalivyo. Kwa hiyo yule mwandishi wa programu, huko aliko, aliona ametumia akili: kwa nini aandike sentensi mbili nzima wakati tofauti yake ni neno moja? Akaunga kwa alama ya kujumlisha. Kwa lugha yake alikuwa sahihi! Simlaumu kwa Kiingereza chake. Namlaumu kwa kudhani kwamba lugha zote ni uzi wake.

Maana kwetu kukanusha si kuongeza shanga. "Limepokelewa" likikataa linakuwa "halijapokelewa": mbele imeingia ha, katikati me imetoka na ja imekaa kiti chake. "Unasoma" likikataa linakuwa "husomi": kichwa kimebadilika, na imeyeyuka, na mkia uliokuwa a umegeuka i. Sehemu tatu kwa mpigo! "Nitakuja" linakuwa "sitakuja", na hapo ni kichwa peke yake. Ukanushaji wetu unaingia ndani ya neno na kupanga upya samani za nyumba nzima. Niambieni, ni alama gani ya kujumlisha itakayofanya kazi hiyo kutokea nje ya mlango?

Mshikaji wangu mmoja wa kijiweni, naye ni mtu wa kompyuta, alinibana hapa. Akasema: "Wewe unajipinga. Kiswahili chenyewe ni lugha ya kugandisha. A, li, ni, pik, i, a: alinipikia. Vipande sita hivyo, na hakuna lugha inayoipenda plasi kama hii!" Vijana wakamshangilia, kahawa ikamwagika.

Hoja ni nzito na sikuwa na jibu la papo kwa papo. Nililipata njiani narudi, kama kawaida ya majibu. Ni kweli tunagandisha, lakini vipande vyetu vinatazamana. "Ki" akikutana na "angu" hawakai kimya ubavu kwa ubavu, wanakuwa "changu". "Vi" na "etu" wanakuwa "vyetu". "Wa" na "ingi" wanakuwa "wengi". Mashine ukiiambia iunge itakupa "kiangu", "vietu", "waingi", kama mtoto wa miaka miwili, na mtoto angalau atakua. Tena vipande vyetu vinatazama mbali, si jirani tu. Ile "li" ya kwenye "limepokelewa" imeitwa na neno "rejesho" lililoko maneno matano nyuma. Programu ile ile ilikuwa na mchango, faini, hisa na mkopo, vyote vikipita kwenye tundu moja. Nilipoandika "limepokelewa" nilikuwa nawaza rejesho. Wengine wakapelekewa "mchango wako limepokelewa" na "faini yako limepokelewa". Watu wakacheka wakasema ni Kiswahili cha kompyuta. Hicho ndicho kinachoniuma kuliko yote: tumeshazoea kwamba kompyuta ina Kiswahili chake, kibovu, na sisi tuna chetu.

Na ukija kwenye hesabu ndiyo usiseme. Kwa Kiingereza neno moja la "futwa" linawatosha wote waliofutwa. Kwetu: kitabu 1 kimefutwa, vitabu 5 vimefutwa, picha 1 imefutwa, picha 5 zimefutwa, faili 1 limefutwa, mafaili 5 yamefutwa. Na Mungu apishie mbali, mtu 1 amefutwa. Unganisha namba + jina + "zimefutwa" na utapata kile tunachokiona kila siku kwenye simu: faili 1 zimefutwa. Faili moja, zimefutwa! Mwalimu wangu wa darasa la tano angelia.

Si kwamba dunia haijui. Mwaka 1999, Sean Burke na Jordan Lachler waliandika katika jarida la The Perl Journal kisa cha mwandishi wa programu aliyekuwa na sentensi moja ndogo ya kuhesabu, akaipeleka kwa wafasiri, ikarudi kila mmoja na kilio chake, Mchina na lake, Mwarabu na lake, Mrusi na lake, mpaka programu ikawa kichaka. Mwongozo wa gettext, chombo ambacho programu huria nyingi zinakitumia kubadilishia lugha, unawaambia waandishi wa programu waziwazi wawape wafasiri sentensi nzima, wasiunge stringi. Limeandikwa, lipo, bure, halina hata kiingilio. Dawa yenyewe ni ya kitoto: unaandika sentensi nzima, unaacha tundu pale tu panapohitaji jina au tarehe. Ndugu fulani, rejesho lako la mwezi fulani limepokelewa. Ndugu fulani, rejesho lako la mwezi fulani halijapokelewa. Sentensi mbili, programu inachagua moja. Mchango nao upewe mbili zake. Jedwali lingekuwa refu kidogo, mfasiri angelipwa zaidi kidogo, na friji lingekuwa barazani.

Nikiwa hapo, niwaibie siri nyingine ya alama hii, ingawa si kiini cha ugomvi wangu. Wengi huunga hata maswali wanayoipelekea kanzidata. Katika SQL neno hufungwa kwa alama moja moja ya kunukuu, ile ile tunayoiweka kwenye ng'. Sasa aje mkazi wa Lang'ata au wa Ng'ambo kule Unguja, aandike anakoishi. Ile alama ya kwenye ng' inafunga neno kabla ya wakati wake, na yaliyobaki, "ata" au "ambo", yanamwagika ndani ya amri. Programu inaanguka. Mtu wa watu ameandika mtaa wake tu, anaambiwa kuna hitilafu! Na mwizi anayejua hilo hataandika Lang'ata, ataandika amri yake mwenyewe baada ya alama ile, na kanzidata itamtii. Jambo hili liliandikwa hadharani katika jarida la Phrack tangu mwaka 1998, na dawa yake ni ile ile ya tundu: swali lipelekwe zima, jina lipelekwe pembeni. Mpaka leo watu wanaunga.

Narudi kwenu, waandishi, maana ninyi ndio niliowajia.

Najua mnasema nini. Hayo ni ya mafundi, sisi ni watu wa sanaa. Sanaa gani? Hesabuni maneno ya Kiswahili aliyoyasoma shangazi yangu mwezi mzima. Hakusoma riwaya. Hakusoma gazeti hili, nisameheni. Alisoma ujumbe wa salio, ujumbe wa umeme, ujumbe wa kikoba, ujumbe wa kliniki ya mjukuu. Hicho ndicho Kiswahili kinachosomwa zaidi mjini, kinasomwa na watu wenye shida, wakiwa wamesimama, na kimo ndani yake kiasi cha fedha. Nani anakiandika? Anakiandika fundi asiyejua Kiswahili, akisaidiwa na mwenye njaa kama mimi anayejaza safu ya kulia. Halafu sisi tunakaa kijiweni tunabishana kama tuseme kompyuta au tarakilishi! Miaka nenda miaka rudi ni istilahi, istilahi, istilahi. Mwaka 2004 watu wa mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitoa programu nzima ya kazi za ofisini kwa Kiswahili, wakati wako waliokuwa wakisema maneno hayatoshi. Maneno yalitosha. Maneno hayajawahi kuwa shida yetu. Shangazi hakupotezwa na neno geni. Kila neno katika ule ujumbe alilinyonya na maziwa ya mama yake.

Na tukisemana ukweli, na sisi tunaunga. Jua lilikuwa linachomoza + ndege wakiimba kwa furaha + ghafla simu ikaita. Nimezisoma zenu, na zangu za zamani ninazo kabatini, zinanuka gundi. Lakini hiyo ni vita ya siku nyingine.

Leo nataka kitu kimoja. Kwenu wengi dili kama ile itakuja, kama haijaja; mtaletewa jedwali, safu ya kulia tupu, kodi ya chumba imekaribia. Msijaze vipande. Waambieni walete sentensi nzima, na waseme nani anamwambia nani, na ni nini kinaweza kukaa kwenye tundu. Watawaambia mnachelewesha kazi. Chelewesheni. Watawaambia watu wataelewa tu. Hapo ndipo mkasirike, maana "wataelewa tu" ni dharau, tena dharau kwa mtu ambaye hayupo kujitetea. Mtu mwenye fedha akiandikiwa Kiingereza hatakubali kuelewa tu. Atataka sawasawa.

Mimi nilirudi kwenye ile kampuni. Nilikwenda na karatasi moja, nimeandika kwa mkono sentensi kumi na nne kamili, zinazokubali na zinazokataa, za rejesho, mchango, faini, hisa, mkopo na mengineyo mawili. Kijana wa mapokezi alinisikiliza vizuri, akaniletea soda. Mwenye programu akasema ni kweli kabisa, lakini kufumua pale alipounga itachukua wiki mbili na bajeti haipo, labda toleo lijalo. Akaniuliza kama naweza kumpa neno lingine zuri zaidi la kuweka mstari wa 88 badala ya "si".

Nikamwambia hakuna. Hakunielewa. Alidhani namringia.

Wiki iliyopita wameniletea jedwali jipya, mistari 340, wamepandisha bei. Mstari wa 131 ni ule ule, neno moja, limesimama peke yake. Nimelirudisha lote tupu, na ile karatasi yangu nimeipiga picha nikaiambatisha tena.

Shangazi nilipomwambia kwamba "si" ile niliandika mimi, alinyamaza kidogo akikwangua sufuria. Kisha akasema, "Walikulipa shilingi ngapi?" Nikamtajia. Akapiga hesabu kwa vidole, bei ya neno moja na bei ya friji, akasonya. Friji liko kwa mwenyekiti, linafanya kazi, na mwenyekiti naye sasa anauza barafu.